Kuchelewa na Kunyimwa Muda

Wiki hii nitazungumza habari za mchezo ambao hapa kwetu hauchezwi, wala sidhani kama wengi wetu tumewahi kuutazama hadi mwisho. Lakini kabla ya kufika huko, inanibidi nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwezi uliopita mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, alinijia nyumbani hapa Ziwani jioni, watu wakiwa ndiyo wanatoka msikitini. Kijana ana miaka 20, na ni mrefu kiasi kwamba akiingia kwangu lazima ainame mlangoni. Msimu wa korosho ukifika hubeba magunia ghalani. Msimu ukiisha hushika kasia katika ngalawa za watu. Alikuja na habari kwamba kocha mmoja wa mpira wa kikapu huko Dar es Salaam amemwona, amempenda, na anamtaka aende akajifunze. Alihitaji vitu viwili kwangu: nauli na baraka.

Nauli nilikuwa nayo. Baraka sikutoa. Nilimwambia, "Mwanangu, umechelewa. Mchezo huo wenzako wameuanza wakiwa na miaka minane, tisa. Wewe leo ndiyo unataka kuambiwa mpira unadundwaje?" Akaitikia, "Haya, mjomba," akaondoka. Wenyeji wa pwani hii ya Ruvuma mnajua uzito wa jambo hilo. Baba anaweza kubishiwa, na kesho yake mambo yakatengenezwa. Mjomba akishatamka, neno limekwisha.

Sasa mimi nimeishi na kazi ya redio kwa miaka mingi, na kazi hii ina ugonjwa wake: ukishasema jambo kwa sauti ya uhakika, usiku linakuja kukuuliza umelitoa wapi. Nikakumbuka pia kwamba stashahada yangu ya uandishi wa habari niliisomea nikiwa na miaka 31, katikati ya vijana walioniita babu. Basi nikaanza kupekua historia ya watu walioanza michezo wakiwa watu wazima. Nilikuwa natafuta ushahidi wa kunitetea. Nilichokipata ni habari ya Mkenya anayeitwa Daniel Adongo.

Adongo alizaliwa mwaka 1989. Mchezo wake ulikuwa raga, na raga ndiyo iliyomtoa nyumbani ikampeleka Afrika Kusini na hata New Zealand, ambako aliichezea Counties Manukau. Ni mtu wa futi 6 na inchi 5, mwenye kifua cha mchukuzi wa bandarini na mbio za mtu mwembamba. Katikati ya mwaka 2013, akiwa na miaka 23, klabu ya Indianapolis Colts ya Marekani ikamsainisha mkataba wa kucheza futiboli ya Kimarekani katika ligi ya NFL, ligi yenye fedha nyingi kuliko zote duniani. Hakuwahi kuucheza mchezo huo. Hakuucheza shuleni, hakuucheza chuoni, wala mtaani. Alikuwa hajawahi kuingia katika mechi moja amevaa ile kofia ngumu yenye vyuma usoni.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana bila kuujua mchezo wenyewe huwezi kuuona ukubwa wa jambo hili.

Wamarekani wanauita futiboli ingawa mguu hauna kazi kubwa ndani yake. Mpira una ncha mbili kama embe dodo lililobanwa. Wanacheza 11 kwa 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea yadi 10 mbele. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Kila nafasi hudumu sekunde chache tu, kisha filimbi, kisha watu hukusanyika, hupewa maagizo mapya, hujipanga na kuanza tena. Maagizo hayo yameandikwa katika kitabu kinene ambacho kila mchezaji lazima akihifadhi. Ukisikia maneno mawili matatu ya fumbo, inakupasa kujua papo hapo usimame wapi, umtazame nani, na ufanye nini kama adui akibadilisha mpango sekunde ya mwisho.

Watu husema raga na futiboli hiyo ni ndugu. Ni kweli ni ndugu, lakini ni ndugu waliokosana. Katika raga mpira haurushwi mbele. Huku unarushwa mbele yadi 40, 50. Katika raga ukimkumba mtu asiye na mpira mwamuzi anakuadhibu. Huku nusu ya kazi ni kuwazuia kwa mwili watu wasio na mpira. Mchezaji wa raga anakimbia dakika 80 akiamua mambo mwenyewe, kwa macho yake, mchezo ukiwa unaendelea. Huku anapasuka kama baruti kwa sekunde 5 na anarudi kusikiliza amri. Kwa hiyo Adongo alifika na nguvu zote alizohitaji, lakini alifika na macho ya mchezo mwingine. Msuli unaweza kuuhamisha kutoka mchezo hadi mchezo. Macho hayahamishiki. Yanafundishwa upya, na yanafundishwa taratibu.

Alipangwa kuwa mlinzi wa pembeni, katika mstari wa pili wa ulinzi, kazi yake ikiwa kumsaka yule anayeitwa kotabeki, mrusha mipira mkuu wa adui. Mwalimu wake wa kumtazama hapo alikuwa Robert Mathis, ambaye katika msimu huohuo wa 2013 aliongoza ligi nzima kwa kuwaangusha makotabeki mara 19 na nusu. (Nusu ipo, msishangae, wawili wakimwangusha mtu kwa pamoja wanagawana.) Mathis alikuwa ameucheza mchezo huo tangu shuleni. Mgeni wetu alikuwa anauona kwa karibu kwa mara ya kwanza.

Katika ligi ile, klabu huanza maandalizi na watu 90. Ligi ikikaribia kuanza wanabaki 53. Waliobaki nje hufungasha virago, isipokuwa wachache, ambao mwaka 2013 walikuwa 8 kwa kila timu, waliowekwa katika kikosi cha mazoezi. Hao hufanya kazi ya kuigiza adui wiki nzima ili wakubwa wajiandae, na siku ya mechi wakati ule hawakuvaa jezi. Mshahara wao mwaka ule ulianzia dola 6,000 kwa wiki, fedha ambazo hapa Mtwara zingejenga nyumba, lakini mtu angeweza kuachishwa Jumanne yoyote bila maelezo. Adongo aliwekwa humo.

Na humo ndimo aliposhangaza watu. Desemba 2013 alipandishwa katika wale 53, na tarehe 8 ya mwezi huo, Colts wakiwa ugenini kwa Cincinnati Bengals, Adongo akaingia uwanjani. Timu yake ilifungwa 42 kwa 28, lakini Kenya ilikuwa imepata mtu wake wa kwanza kucheza katika ligi ile. Aliingia katika vikosi maalumu, vile vinavyokimbia kumkabili mpokeaji baada ya mpira kupigwa teke. Ukiangalia vizuri utaona ni kwa nini walimweka huko: ndiyo sehemu ya mchezo inayofanana zaidi na raga. Unakimbia mbele, unamwona mwenye mpira, unamwangusha. Kitabu kile kinene hakikubani sana.

Kutoka kusaini hadi kucheza ilimchukua miezi minne na kitu. Miezi minne! Mtoto wa darasa la kwanza kwa muda huo bado anachanganya herufi.

Msimu uliofuata majeraha yalimwandama, na mwaka 2015 klabu ikamwacha. Mechi alizocheza zilikuwa chache. Mwaka 2018 ilisambaa Kenya video iliyomwonyesha akiwa katika hali iliyowahuzunisha wengi. Wapo wenzangu wa vyombo vya habari walioieleza ile picha kipande kwa kipande. Mimi sitaieleza. Mtu aliyepanda mlima ambao hakuna mwenzake wa nchi yake aliyewahi kuupanda, hana deni la kutuonyesha jinsi alivyoteremka.

Basi hapo, ndugu msomaji, nilidhani ushahidi wangu umekamilika. Nikajisemea, unaona? Alichelewa, na kuchelewa kumemrudisha. Nilikuwa tayari kulala. Kilichoninyima usingizi ni Mnigeria.

Christian Okoye alizaliwa Enugu mwaka 1961. Alikuwa mrusha kisahani hodari, na mwaka 1982 alikwenda California, katika chuo kidogo kiitwacho Azusa Pacific, kwa ajili ya riadha. Mwaka 1984 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Los Angeles, jirani kabisa na chuoni kwake, na Nigeria ikamwacha nje ya timu. Ni kama mtu wa Mikindani ashuhudie sherehe Mtwara mjini na asialikwe. Akiwa na miaka 23, umri uleule aliosaini nao Adongo, ndipo akaingia katika timu ya futiboli ya chuo, bila kujua hata sheria.

Mwaka 1987 Kansas City Chiefs wakamchagua, akiwa wa 35 kati ya wachezaji wapya wa mwaka huo. Mwaka 1989 aliwashinda wakimbiaji wote wa ligi nzima kwa kubeba mpira yadi 1,480. Wamarekani walimwita Jinamizi la Nigeria, na walinzi waliopaswa kumzuia wanaweza kukueleza sababu. Alikuwa na uzito wa kilo karibu 118 na alikimbia kama mwanariadha, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Magoti yalimwondoa mchezoni baada ya msimu wa 1992, akiwa amebeba mpira yadi 4,897 kwa jumla.

Sasa tuwaweke wawili hawa pamoja. Wote Waafrika, wote wakubwa wa miili, wote wametoka katika mchezo mwingine, wote walianza wakiwa na miaka 23. Mmoja akawa bingwa wa wakimbiaji, mwingine akapita kama mvua ya vuli. Kama tatizo lingekuwa kuchelewa, wangefanana. Tofauti yao iko kwingine. Okoye alipata misimu 3 katika chuo kidogo ambako kukosea hakukumnyima mtu mkate. Aliangusha mpira, akaokota. Alikimbilia upande usio wake, akacheka na wenzake, kesho akarudi. Kisha ndipo akaenda kwa wanaolipwa. Tena alipangiwa kazi ya kubeba mpira na kukimbia, ambayo macho yake hayakuhitaji kusoma mengi. Adongo alijifunza alifabeti mbele ya watu wanaolipwa, katika kazi ya kusoma mawazo ya adui, huku Jumanne ikimsubiri mlangoni.

Kuna jambo jingine linalouma zaidi, na hili ni la tarehe. Adongo aliachwa mwaka 2015. Mwaka 2017 ligi ileile ilianzisha mpango wa wachezaji wa kutoka nje ya Amerika: vijana wa nchi nyingine wanachukuliwa, wanafundishwa miezi kadhaa, na klabu kadhaa zikaruhusiwa kuwaweka katika kikosi cha mazoezi kama nafasi ya ziada, isiyohesabiwa. Yaani klabu haipotezi nafasi ya mtu mwingine kwa kumsubiri mgeni ajifunze. Mwenye kukosea mapema analindwa. Mlango huo ulifunguliwa miaka 2 baada ya Mkenya kutoka.

Mwaka 2018 akapitia mafunzo ya mpango huo kijana wa Australia, Jordan Mailata, futi 6 na inchi 8, aliyetokea mchezo wa ligi ya raga na ambaye naye hakuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani hata mechi moja. Philadelphia Eagles walimchagua akiwa nambari 233, karibu na mkiani kabisa. Msimu wa 2018 hakucheza. Msimu wa 2019 hakucheza. Misimu 2 mizima analipwa, anafundishwa na kuuguza mgongo, anatazama. Mwaka 2020 ndiyo akaingia. Februari 2025 alikuwa katika timu iliyotwaa ubingwa kwa kuifunga Kansas City 40 kwa 22, akiwa mlinzi wa kutumainiwa wa upande wa kushoto. Sijui wewe, lakini mimi nikisoma habari ya Mailata namwona Adongo amekaa pembeni.

Nisisahau kusema, wapo watu wa damu ya Afrika Mashariki waliofanya vizuri zaidi katika ligi hiyo, lakini si wa kulinganisha. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda aliyeuawa mwaka 1972 wakati wa Idi Amin, alizaliwa mwaka 1983 katika jiji lilelile la Indianapolis. New York Giants walimchagua mwaka 2006, na katika miaka yake timu hiyo ilitwaa ubingwa wa misimu ya 2007 na 2011. Huyo mchezo alizaliwa akaukuta uani.

Wa kulinganisha ni wa kwetu, na wala si wa futiboli. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyezaliwa mwaka 1987, alishika mpira wa kikapu akiwa na miaka 15. Kwa Wamarekani huo ni uzee. Alimalizia sekondari Houston, akakaa Chuo Kikuu cha Connecticut miaka 3, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa 2 katika nchi nzima, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry aliyekuwa wa 7. Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Utasema, basi huyu alipewa muda. Alipewa, miaka 3, na alipokuwa chuoni alitambuliwa mara 2 kuwa mlinzi bora wa mashindano ya Big East. Lakini aliyechaguliwa wa 2 hasubiriwi. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, alishushwa katika ligi ya chini akacheze Dakota Wizards, na watu wakaanza kumcheka, wakiwemo wa hapa nyumbani ambao hawajawahi kugusa mpira huo. Akapita katika timu kadhaa hadi mwaka 2014.

Namtaja Thabeet kwa sababu anaivuruga hesabu yangu, na hesabu isiyovurugika haifai. Muda wa kujifunza peke yake hautoshi. Nafasi uliyopangiwa, bei waliyokununulia, majeraha na mtu aliyesimama na kukufundisha, vyote vinaingia. Lakini katika hawa wote, Mnigeria, Mkenya, Mwaustralia na Mtanzania, sikumpata hata mmoja ambaye ningeweza kusema umri wake wa kuanza ndio uliomkwamisha. Nilitafuta, maana nilikuwa na haja naye.

Na hapa kwetu je? Uwanja wa Nangwanda Sijaona pale Mtwara mjini umeona vijana wengi wakirudishwa nyumbani siku ya kuteua timu. Nimesimama pale na kinasa sauti mkononi nikasikia neno lilelile nililolisema mimi: umechelewa. Anaambiwa kijana wa miaka 17. Anaambiwa wa miaka 19. Hatujiulizi alichelewa kwa sababu gani. Mwenzake wa Indianapolis alipewa kiatu na kocha akiwa na miaka 8. Huyu wa Ziwani akiwa na miaka 8 alikuwa anafukuza ndege shambani na kufuata pweza maji yakitoka. Halafu tunamhukumu kwa saa ambayo si ya kwake.

Mpwa wangu hajarudi kuniuliza tena. Ndivyo alivyolelewa. Dada yangu naye, nilipomtembelea wiki iliyopita, alinipa chai, akanipa mihogo ya nazi, akazungumza habari za mvua, na jina la mwanawe hakulitaja. Mnaojua wanawake wa kwetu mnaelewa hayo yalikuwa maneno mengi sana.

Nimemtumia kijana salamu aje Jumapili. Sitamwambia kwamba atakuwa Thabeet, maana siwezi kumdanganya mtoto wa dada yangu. Ninalo swali la kumuuliza, na akishindwa kulijibu tutapiga simu pamoja tumuulize huyo kocha wa Dar es Salaam: anataka kukaa naye miezi mingapi kabla hajaamua kama anafaa au hafai? Akiniambia wiki mbili, nitajua la kusema. Akiniambia miaka miwili, nauli bado ninayo, sijaitumia.

Tukutane wiki ijayo, wakati huuhuu.